Njia ya Kando ya Shamba la Mbweha

Kabla jua halijagusa uso wa jabali, mwanamke mmoja aliyeteremka na kuni kutoka Amadaga alisimama uani kwa Atemelu, akamwamkia. Akauliza watu wa nyumba, mke, watoto, mbuzi, vitunguu bustanini, na kila alipouliza Atemelu akajibu salama. Kisha Atemelu naye akamwuliza, akajibiwa salama zote bila kurukwa hata moja. Salamu zilipokwisha ndipo mwanamke akaurekebisha mzigo wake kichwani.

"Shemeji yako Yapile kanituma," akasema. "Kaka yako leo siku ya tatu hajala. Hata uji wa uwele anautema. Yapile anasema kama una la kumwambia, njoo umwambie."

Akaenda zake. Kwetu habari haitangulii salamu, hata ikiwa habari yenyewe ni ya nyumba kuungua.

Atemelu akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akalisugua goti lake la kushoto. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na goti lilikuwa na miaka mia. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni waliokuja kuliona jabali letu na nyumba zake. Watu hudhani ni kazi nyepesi, kutembea na kusema tu. Basi na wajaribu kutembea na kusema kwa miaka thelathini, wakipanda mawe yale yale, wakiulizwa yale yale, na kila mgeni akitaka kujibiwa kana kwamba swali limezaliwa leo.

Mkewe, Yatimme, alimletea uji. Hakuondoka. Akasimama na kata tupu mkononi.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia nini?"

"Nimekaa nyumbani kwako miaka thelathini na nne, Atemelu. Usiniulize mimi utamwambia nini."

Uji ulikuwa moto, naye akaunywa hivyo hivyo ukimchoma ulimi, ili asijibu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pangale, kaka yake, alikuwa msomaji wa nyayo za mbweha. Ukingoni mwa kijiji cha Amadaga kuna uwanja wa mchanga, nao ndio shamba lake. Jioni mtu huja na swali: nisafiri au nisisafiri, mke huyu atakaa au ataondoka, mtoto atapona au hatapona. Pangale humchorea mchangani mraba, ndio kitanda cha swali lake, akapanga vijiti na vilima vidogo, akarushia karanga, kisha wote hurudi nyumbani. Mbweha huja mwenyewe kula karanga. Asubuhi Pangale huinama, akasoma pale alipokanyaga na pale alipopaacha. Njia ya watu hulizunguka shamba hilo. Hakuna mtoto wa Amadaga asiyejua hivyo, hata mbuzi wetu wanajua.

Miaka sita iliyopita, Atemelu alikuwa akimteremsha mgeni mmoja, bwana mrefu mwenye kofia, jua likizama. Goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Kulizunguka shamba ni hatua mia mbili zaidi. Hatua mia mbili tu! Akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuona mtu. Akaingia, akamwita mgeni amfuate. Vitanda kumi na kimoja vilikuwa vimechorwa jioni ile. Kimoja kilikuwa cha Yalemo, mama ambaye mtoto wake alikuwa na homa na alitaka kujua ampeleke wapi: kwa mganga wa kijijini au kwenye zahanati ya mbali, mwendo wa siku nzima kwa mkokoteni. Asubuhi kitanda kilikuwa kimevurugwa. Yalemo akangoja kichorwe kingine. Siku ya nne mtoto akafa.

Hakuna aliyesema mtoto amekufa kwa sababu ya nyayo zile. Wala hakuna aliyesema siyo.

Wazee waliita watu barazani. Paa la baraza letu liko chini makusudi, ukiinuka kwa hasira unagonga kichwa, kwa hiyo watu wote walisema wakiwa wamekaa. Atemelu akasema, "Mgeni alinitoroka. Aliingia peke yake, mimi nikamfuata kumtoa." Mgeni alikwisha kwenda zake na kofia yake, hakuwepo wa kumbishia. Pangale alitazama mikono yake. Alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Nimesikia." Akatoa mbuzi wa kulitakasa shamba, akatoa na kuku, na tangu siku ile hakumwambia ndugu yake neno lolote ila salamu.

Lakini salamu alimpa, zote kamili, kila walipokutana. Watu wa nyumba? Salama. Mke? Salama. Watoto? Salama. Mtu asiyejua angedhani ni ndugu wapendanao. Atemelu alivumilia miezi minne, kisha akahamia chini, Pelugo. Na kila alipowapandisha wageni Amadaga aliwapitisha upande wa kisimani na kwenye ngazi zilizo ndani ya ufa wa mwamba, saa nzima zaidi, ili asipite mlangoni kwa kaka yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakuwahi kumwona Atemelu akipanda ngazi zile na goti lile.

Sasa Pangale alikuwa anakufa, na Atemelu alitaka jambo moja tu: aufikishe ule ukweli kabla masikio ya kaka yake hayajaziba.

Ila alikuwa na mgeni. Madamu Odile alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mama wa miaka sitini na minane, mwembamba, mwenye viatu vizuri na miguu mibovu. Alifika jana, akalala juu ya dari, na leo alitaka kwenda Amadaga. Atemelu angeweza kumwachia mtu mwingine. Lakini mtu aliyewahi kusema "mgeni alinitoroka" hawezi tena kumwacha mgeni hata kwa muda wa kwenda chooni. Basi akajipa moyo: njia ni moja, tutapanda pamoja, adhuhuri tutakuwa tumefika.

Adhuhuri! Madamu Odile hakuwa na kamera. Alikuwa na daftari na penseli, akichora. Hatua thelathini kutoka nyumbani alisimama kulichora ghala la jirani, na mlango wake mdogo, na paa lake la nyasi lililokaa upande. Kisha akamchora mbuzi aliyekuja kulitazama daftari. Kisha akataka kumchora fundi wa kufuma, naye fundi, mtu wa kupenda sifa, akaenda kwanza kubadili kanzu.

"Ninakuchelewesha, Bwana Atemelu?"

"Hakuna haraka, Madamu."

Maneno hayo aliyasema miaka thelathini, yalitoka yenyewe. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na kaka mgonjwa mlimani.

Bustanini kwenye vitunguu mambo yakawa mabaya zaidi. Wanawake walikuwa wakimwagilia kwa vibuyu, na wengine wakiponda majani ya vitunguu juu ya mawe na kuyaviringisha madonge. Harufu ilikata macho. Kila mwanamke alimwona Atemelu, na kila mwanamke alimwamkia.

"Umelala salama?"

"Salama."

"Watu wa nyumba?"

"Salama."

"Yatimme?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama."

"Na kule juu, kwa kaka yako?"

"Salama."

Walijua. Kuni zote za Pelugo zinatoka juu, na habari huteremka nazo. Lakini salamu si mahali pa kueleza shida zako, na Atemelu akajibu salama kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa saba, na kila aliposema neno lile lilizidi kumlemea mdomoni. Madamu Odile alikuwa ameketi juu ya jiwe, anahesabu kwenye daftari.

"Salamu thelathini na moja kwa huyu mmoja," akasema, macho yakimng'aa. "Ni nzuri sana. Kwetu watu wanapungiana mkono tu na kupita. Na wote hawajambo! Hivi hakuna anayejibu kuwa ana shida?"

"Hapana, Madamu."

"Kwa nini?"

Akasema jua litapanda, ni afadhali watembee.

Walifika sokoni jua likiwa utosini. Ilikuwa siku ya soko la Pelugo, linalokuja kila siku ya tano, na akina mama wa pombe ya uwele walikwisha kuweka mitungi yao kivulini. Mwanzoni mwa njia ya kupandia, mahali pale pale siku zote, aliketi Kumba, mama wa Kibozo, muuza samaki wa kukaushwa kutoka mtoni. Wabozo ni watani wetu. Mtani wako anaweza kukutukania babu yako mbele ya mkwe wako na wewe huna la kufanya ila kutafuta tusi kubwa zaidi.

"Ee, mtumwa wangu!" Kumba akapaza sauti. "Mbona unachechemea? Umebeba dhambi za nani?"

"Nimebeba harufu yako tangu kule kwenye vitunguu. Imenielemea."

"Harufu hiyo ndiyo inayowatia akili. Bila samaki wangu mngekuwa bado mnakula majani ya mbuyu huko mapangoni, mnajambiana tu."

"Na nyie bila uwele wetu? Babu yenu alilishwa paja la babu yetu akiwa anakufa njaa, akalamba vidole, akauliza la pili liko wapi!"

Wanawake wa pombe wakacheka. Madamu Odile, asiyejua lugha, alirudi nyuma hatua moja. "Mnagombana?"

"Hapana, Madamu. Ni mtani wangu. Siku akiniheshimu nitajua nimemkosea."

Kumba akachukua upepeo wake wa kufukuzia inzi, akampepea Atemelu usoni. "Haya. Kaka yako hajambo?"

"Salama."

Kumba akaacha kupepea. Akamtazama kama mtu anayekagua samaki aliyelala.

"Nyoo! Salama! Hiyo salama kawape Wadogon wenzako, mimi usinipe. Jana nimelala Amadaga. Nimemwona Pangale, mbavu zake nimezihesabu moja moja. Nikamwambia, bwana, ukifa jembe lako niachie mimi, wewe ulikuwa unalishika tu. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Huko chini mdogo wangu anatembeaje siku hizi?' Nikamwambia, anachechemea. Akageukia ukutani." Akapunguza sauti, jambo ambalo Kumba hulifanya kwa nadra. "Na wewe saa hizi umesimama hapa na mzungu, unasema salama. Una akili kweli?"

Atemelu akacheka, kwa sababu mtani akisema lazima ucheke. Akacheka, na kicheko hakikujua pa kwenda, akafunika uso kwa kofia yake. Alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka kwa ajili ya asubuhi ile tu, alikuwa amechoka kwa miaka sita mfululizo, na hakuna aliyemwambia hivyo mpaka leo.

Madamu Odile akamshika kiwiko. "Amesema nini?"

"Hakuna har..." Kisha akamwambia. Akamwambia kuhusu kaka, uji, na siku tatu. Habari za shamba hakumwambia.

Yule mama akageuka mwekundu hadi shingoni. "Tangu asubuhi nimechora ghala, nimechora mbuzi wa watu, nimemngoja fundi abadili nguo, na wewe una ndugu anayekufa?"

"Wewe ni mgeni, Madamu."

"Mimi ni mpumbavu, ndivyo nilivyo. Kwa nini hukuniambia?" Hakungoja jibu. Akaitupa penseli mfukoni na daftari kwenye begi. "Njia fupi ni ipi?"

Njia fupi ilipita kando ya shamba la mbweha. Atemelu akaunyoosha mkono kuionyesha.

Kumba akamwita, akamtilia mkononi samaki mmoja mkavu aliyefungwa kwa jani. "Mpe Pangale. Mwambie si lazima ale. Anuse tu, ajue anakoondoka bado kuna watu."

Wakapanda. Hapo ndipo Atemelu alipoona jambo lililomtia aibu. Madamu hakusimama tena, hata kuchora, hata kuuliza habari za mapango ya watu wa zamani yaliyoko juu ya vichwa vyao. Alipanda akihema, akishika mawe kwa mikono, na kila baada ya mwendo kidogo alisimama kumngoja Atemelu. Sasa aliyechelewa alikuwa Atemelu. Goti lilikuwa linauma, ndiyo, lakini halikuwa linauma kuliko jana. Basi akajiuliza, na jibu hakulipenda. Kumbe tangu asubuhi angeweza kumwambia huyu mama neno moja tu, na mama angeinuka. Hakulisema kwa sababu kila ghala lililochorwa lilimpa nafasi ya kutofika.

Mchana ulikuwa mkali, mawe yakirudisha joto usoni. Kwenye ukingo wa kijiji njia ikatoka kwenye miamba, na mbele yao ukaonekana mchanga.

Shamba la mbweha lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, na kwa siku nyingi hakuna aliyechorewa kitanda. Upepo ulikuwa umesawazisha kila kitu. Hapakuwa na kijiti, wala karanga, wala alama ya unyayo wa mnyama. Madamu Odile, ambaye hakujua, alielekea moja kwa moja katikati, kwa sababu nyumba zilionekana ng'ambo.

"Hapana, Madamu. Huku."

"Lakini pale ni karibu."

"Huku," akasema Atemelu.

Wakazunguka. Alizitembea hatua mia mbili zile polepole, goti likilalamika kila hatua, kando ya mchanga usio na swali la mtu yeyote.

Uani kwa Pangale, Yapile alikuwa akipepeta uwele. Alipomwona shemeji yake aliweka ungo chini, akamwamkia, na Atemelu akajibu, na yeye akamwuliza, naye akajibu salama, hata alipoulizwa habari za mume. Kisha akaonyesha kivulini kwa kidevu. Akampa Madamu kigoda, Madamu akakaa mbali, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Pangale alilala juu ya mkeka. Alikuwa mtu mkubwa zamani. Kilichobaki kilikuwa mifupa na macho, na macho yalikuwa yale yale.

Atemelu akachuchumaa, akaanza kama inavyompasa mdogo kuanza.

"Umeshinda salama, kaka?"

"Salama."

"Watu wa nyumba?"

Pangale akavuta pumzi. Ilichukua muda kufika. "Salama."

"Yapile?"

Pumzi mbili. "Salama."

"Watoto?"

Safari hii kifua kiliinuka mara tatu kabla neno halijapatikana, na lilipotoka lilitoka nusu. Atemelu akapiga hesabu. Kulibaki mbuzi, kulibaki shamba, majirani, wazee, walio safarini, na baada ya hapo ingekuwa zamu ya Pangale kuuliza yote upya. Pumzi za kaka yake hazikutosha. Zote zingeishia kwenye salama, kama zilivyoishia miaka sita.

"Basi, kaka," akasema. "Usinijibu tena."

Yapile alisimama na kata ya maji mkononi, asiamini. Salamu ya mkubwa haikatwi. Kuna watu wamefukuzwa ukooni kwa dogo kuliko hilo.

"Mgeni hakunitoroka," Atemelu akasema, haraka, asije akarudi nyuma. "Mimi ndiye niliyetangulia. Niliingia shambani mwako kwa miguu yangu, nikamwita anifuate. Goti lilikuwa linauma. Niliona uvivu kuzunguka, kaka. Hatua mia mbili. Halafu barazani nikamsingizia mtu ambaye hayupo, na wewe ukatoa mbuzi wako kwa uongo wangu." Akaushika ukingo wa mkeka. "Ndilo nililokuja kusema."

Jogoo alipita uani akichakura. Pangale alimtazama ndugu yake, na hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Najua."

"Unajua?"

"Nasoma nyayo tangu sijaota ndevu." Akapumzika. "Za mbweha nazijua, za mdogo wangu nisizijue? Katambuga lako la kushoto linaburuta. Na viatu vya mgeni vilikuwa juu ya nyayo zako. Juu yake, Atemelu. Aliyekanyaga juu ndiye aliyekuja nyuma."

"Basi ulijua siku ile ile barazani."

"Nilijua alfajiri, kabla ya baraza."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa lako kulisema." Yapile akapiga magoti, akamlowesha midomo kwa maji. Pangale akameza kwa shida. "Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku. Mwaka wa pili nikakungoja siku za soko. Halafu nikachoka."

Hilo lilimchoma Atemelu kuliko tusi lolote. Akainamisha kichwa mpaka paji likagusa ukingo wa mkeka, akalia, mtu mzima wa wajukuu sita, bila kujificha. Mkono wa kaka yake ukamfikia kichwani, mwepesi kama kitambaa, ukakaa hapo.

"Ulikata njia siku moja," akasema Pangale, "ukazunguka miaka sita. Na goti hilo." Kitu kama kicheko kikamtikisa kifua. "Kumba kakupa nini? Nasikia harufu."

"Samaki. Anasema unuse tu."

"Mbozo mwenye laana." Akanusa. Akafumba macho muda mrefu, hata Atemelu akadhani amelala, akaanza kujinyoosha taratibu. Alitaka kulala pale pale chini, kando ya mkeka, asiinuke mpaka kesho kutwa.

"Bado," akasema Pangale bila kufumbua macho.

"Bado nini?"

"Mimi umeniambia ninalolijua. Yalemo hajui." Pumzi. "Miaka sita anajiuliza mbweha alikataa nini kumwambia. Anadhani ndiye aliyemleta yule mgeni, ili amnyime jibu."

Nyumba ya Yalemo ilikuwa ya tatu kutoka pale. Kutoka uani sauti ya mchi wake ilisikika, ilikuwa ikisikika tangu walipofika.

"Kesho, kaka. Leo sina nguvu. Kweli sina."

"Mimi ndiye sina kesho. Nenda leo. Halafu urudi uniambie kakujibu nini." Akafumbua macho. "Nitakungoja. Kungoja kwa leo nitaweza."

Atemelu akainuka kwa kushika ukuta. Madamu Odile akainuka naye, akataka kumpa mkono, lakini Atemelu akamwambia kwa ishara abaki. Akatembea. Ilikuwa hatua hamsini pengine, na kila moja aliisikia gotini. Alipofika mlangoni, Yalemo alikuwa akitwanga kivulini mwa ghala lake, mwanamke mpana, mwenye mvi chache ambazo hakuwa nazo zamani. Akamwona, akatabasamu, akaegemeza mchi begani, akaanza yeye.

"Umeshinda salama, Atemelu?"

"Salama."

"Watu wa nyumba?"

"Salama."

"Yatimme?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama."

Akauliza na mbuzi, na vitunguu, na wazee wa Pelugo, hakuruka kitu, na Atemelu akajibu vyote. Zamu yake ikafika. Akamwuliza ameshindaje, akajibiwa salama. Akauliza watu wa nyumba. Akauliza mume. Linalofuata mume ni watoto. Mara ngapi alikuwa amemwuliza mwanamke huyu swali lile, sokoni, njiani, kwenye misiba ya watu, na mara zote Yalemo alikuwa amejibu salama?

Yalemo alingoja. Mchi ulikuwa bado begani, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Atemelu akakaa chini, kwenye vumbi la makapi, akaunyoosha mguu wa kushoto mbele yake.

"Yalemo," akasema, "weka mchi chini, uje ukae."